Klachi na Gia za Mkono Kwenye Gemu za Mbio: Mwongozo kwa Anayecheza na Pedi

Gia ya otomatiki kwenye gemu ya mbio haioni barabara. Inachoangalia ni mzunguko wa injini tu: ukipanda sana inaongeza gia, ukishuka sana inapangua. Ndiyo maana gari linabadili gia katikati ya kona, wakati tairi za nyuma zimeshaelemewa, likayumba. Au linaingia gia ya nne mwanzo wa mlima, halafu linarudi ya tatu likiwa limeshapoteza mwendo. Wewe unaiona kona kabla gari halijafika. Gia zikiwa mkononi mwako, unazipanga kwa ajili ya kinachokuja mbele.

Nimeandika kwa anayecheza na pedi, kwa sababu huku kwetu Mtwara na Lindi wengi tunacheza na pedi, iwe nyumbani au kwenye mabanda ya gemu. Usukani wenye pedali nitaugusia mwishoni. Mifano mingi nimeitoa kwenye Forza Horizon, kwani katika gemu za mbio za kujifurahisha ndiyo inayomlipa vizuri mtu aliyejifunza klachi. Na tangu Aprili 2025 Horizon 5 inapatikana hata kwenye PlayStation 5, baada ya kutoka mwaka 2021 kwa ajili ya Xbox na kompyuta peke yake.

Hakikisha gemu yako ina klachi

Si kila gemu inayo. Need for Speed Underground ya 2003 na Most Wanted ya 2005, ambazo bado zinachezwa kwenye PS2 nyingi, zina gia za mkono lakini hazina kitufe cha klachi. Unabonyeza kupandisha, unabonyeza kushusha, basi. Asphalt 9 ya kwenye simu haikuachii gia kabisa. Forza Horizon ina machaguo matatu: otomatiki, gia za mkono, na gia za mkono pamoja na klachi.

Kama unacheza gemu isiyo na klachi, endelea kusoma. Hatua tatu za kwanza zinakuhusu vilevile, na ndizo zinazoleta ushindi zaidi kuliko klachi yenyewe.

Klachi kwenye gemu si jambo la juzi. Hard Drivin', mashine ya Atari Games ya mwaka 1989, ilikuwa na pedali tatu, gia nne na frii, hata ufunguo wa kuwashia gari. Kabla yake, OutRun ya Sega ya mwaka 1986 ilikuwa na gia mbili tu, ya chini na ya juu, na bado mchezaji aliyejua lini arudi ya chini alimwacha mbali asiyejua.

Klachi ya gemu inafanya kazi gani

Kwenye gari halisi, klachi inatenganisha injini na giaboksi ili gia iingie bila mzigo. Kwenye gemu hakuna meno ya kusagana, kuna hesabu ya muda. Ukichagua gia za mkono bila klachi, kompyuta inakukanyagia klachi yenyewe na inachukua muda wake: nguvu inakatika, gia inaingia, nguvu inarudi. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini unailipa kila unapobadili gia, mbio nzima. Ukichagua pamoja na klachi, muda huo unakuwa wako. Kidole kikiwa chepesi, gia inaingia upesi kuliko kompyuta ingeiingiza. Kidole kikiwa kizito, unapoteza zaidi ya ulichokuwa unapoteza mwanzo.

Kwa hiyo usikimbilie klachi siku ya kwanza. Anayewasha klachi kabla hajajua kona ipi inataka gia gani anakuwa na kazi mbili ngeni kwa wakati mmoja, na zote mbili zinaharibika. Nimeona vijana wenye vipaji wakirudi otomatiki kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, maana walikuwa karibu kufika.

Hatua ya 1: Panga gemu yako

Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu iliyoandikwa Difficulty, tafuta Shifting. Weka Manual. Ile yenye klachi utaiweka ukifika hatua ya nne. Kwenye Horizon kila ugumu unaouongeza hapo unapandisha asilimia ya fedha za zawadi baada ya mbio, kwa hiyo unalipwa hata wakati unajifunza.

ABS, yaani msaada unaozuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki, iache imewashwa. Msaada wa kuzuia tairi zisizunguke bure nao uache kwa sasa. Mstari wa barabarani unaokuonyesha pa kufunga breki uache pia, lakini ule wa kwenye breki pekee, usiwe mstari mzima. Ukiwa mzima macho yako yatakuwa yanaufuata mstari badala ya kuitazama kona.

Kisha zima muziki na pandisha sauti ya injini. Jambo hili watu wanalidharau, na mimi naliona ni la kwanza kwa umuhimu. Gia zinabadilishwa kwa sikio. Ukisubiri kuusoma mshale pembeni ya skrini, jicho limetoka barabarani, na gari kwenye kilomita 200 kwa saa linakula zaidi ya mita 50 kila sekunde. Kwenye banda lenye televisheni nne na mechi za mpira zinapigiwa kelele upande wa pili, chomeka hedifoni kwenye pedi. Pedi za PS4 na PS5 zina tundu lake pale chini, katikati.

Mwisho, chagua gari la wastani. Kila mtu anataka Bugatti. Gari la namna hiyo lina nguvu nyingi kiasi kwamba kosa la gia halionekani: ukikosea linakwenda tu. Chukua gari dogo la daraja la D au C, yaani madaraja ya chini ya magari kwenye Horizon, kwa mfano Mazda MX-5 ya 1994 iliyomo Horizon 4 na 5. Injini yake ni ndogo, hivyo ukiingia gia isiyofaa inakwambia hapo hapo kwa kukataa kuvuta.

Hatua ya 2: Lifunze sikio lako

Tafuta barabara kuu iliyonyooka. Anza na gia ya kwanza, kanyaga mafuta yote, na usikilize sauti inavyopanda. Karibu na mwisho sauti inakuwa nyembamba na kali, halafu ukiendelea kung'ang'ania inaanza kukatika-katika. Kukatika huko ni kizuizi cha mzunguko: injini imefika mwisho na inanyimwa mafuta. Ukikisikia, umechelewa. Pandisha gia kidogo tu kabla yake. Rudia mpaka uweze kufanya hivyo umefumba macho kwenye barabara tupu, na ninasema kufumba macho kweli, kwa gia mbili tatu.

Anayeishi huku ana mwalimu wa bure. Msimu wa korosho, malori yanayopanda na kushuka uwanda wa Makonde kwa barabara ya Newala yanapita usiku na mchana yakielekea bandarini Mtwara. Sikiliza lori moja lenye mzigo linapouanza mlima. Dereva mzoefu hasubiri injini ianze kukoroma kwa shida. Anapangua gia wakati gari bado lina mwendo, sauti inapanda ghafla, na lori linaendelea kwa utulivu huo huo. Dereva mgeni anasubiri mpaka injini inakaribia kuzima, na hapo anapangua gia mbili kwa mkupuo, lori limeshasimama nusu. Tofauti ya sauti hizo mbili ndiyo unayoitafuta kwenye gemu.

Sasa, kwa nini gia ipandishwe pale na si kabla? Kila gia ina uwiano wake, yaani injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye giaboksi. Tuseme gia ya pili ina uwiano wa 2.0 na ya tatu 1.5. Ukipandisha kutoka ya pili kwenda ya tatu injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, itaangukia 5,250. Ukipandisha mapema, kwenye 5,000, itaangukia 3,750. Kwenye 5,250 injini ndogo ya petroli bado ina nguvu na inaendelea kuvuta. Kwenye 3,750 imelala. Unapochagua mahali pa kupandisha gia, unachagua mahali ambapo gia inayofuata itaamkia.

Lakini si injini zote zinataka kufikishwa kwenye mstari mwekundu. Baadhi, hasa zenye tabo (turbo), zinaishiwa nguvu mapema na mizunguko ya mwisho ni kelele tu. Horizon inakuonyesha mchoro wa nguvu za injini kwenye sehemu ya kuboresha gari. Tazama mahali mstari wa nguvu unapoanza kuinama kwenda chini. Pandisha gia umepita hapo kidogo, usiende mpaka mwisho wa mchoro.

Hatua ya 3: Pangua kabla ya kona

Hapa ndipo mtu anaposhinda mbio au kuzipoteza, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Kanuni ni moja: breki kwanza, gia baadaye, usukani mwisho. Unafunga breki gari likiwa limenyooka. Mwendo unaposhuka, unapangua gia moja, mwendo unashuka zaidi, unapangua nyingine. Unapoanza kukata kona, gia uliyonayo ndiyo utakayotoka nayo. Hakuna kugusa gia katikati ya kona mpaka utakapokuwa mjuzi sana, na hata wajuzi hawafanyi hivyo mara nyingi.

Kosa linalowapata karibu wote wanaotoka otomatiki ni kupangua kwa pupa. Gari liko gia ya tano, kona inakuja, kidole gumba kinapiga kitufe cha kushusha mara tatu mfululizo kabla breki haijafanya kazi. Kinachotokea ni kimoja kati ya viwili. Gemu inakataa gia kwa sababu injini ingezidi mzunguko wake, na wewe unaingia kwenye kona ukiwa gia ya nne ukidhani uko ya pili. Au gemu inakubali, injini inapiga yowe, tairi za nyuma zinashikwa ghafla na gari linageuka kutazama lilikotoka. Subiri breki ikupe mwendo unaofaa, ndipo ushushe. Sikio litakwambia: sauti ikishuka mpaka ikawa nzito, gia inayofuata iko tayari kupokelewa.

Gia ipi kwa kona ipi? Hakuna jedwali linaloenea magari yote, ila kuna kipimo. Unapofika katikati ya kona na kuanza kukanyaga mafuta, gari linatakiwa livute mara moja. Likikoroma na kuchelewa, gia ilikuwa kubwa mno. Safari ijayo shuka moja zaidi. Likikata mafuta kwa kufika mwisho wa mzunguko kabla hujaimaliza kona, au tairi za nyuma zikazunguka bure, gia ilikuwa ndogo mno. Safari ijayo baki moja juu. Kwa MX-5 niliyoitaja, kona kali za mjini huwa za gia ya pili, na kona pana za barabara kuu ni ya tatu au ya nne.

Tumia kitufe cha kurudisha muda. Kwenye Xbox ni Y, kwenye PlayStation ni pembetatu. Wengi wanakitumia kufuta ajali. Wewe kitumie kama daftari la mazoezi: ingia kona kwa gia ya tatu, tazama mwendo unaotoka nao, rudisha, ingia kwa gia ya pili, linganisha. Kona moja ikirudiwa hivyo inakufundisha zaidi ya mbio nzima unazozimaliza kwa bahati. Kwenye mbio za mtandaoni na watu wengine kitufe hicho hakifanyi kazi, kwa hiyo mazoezi haya yafanye ukiwa peke yako.

Kona za kuteremka zinataka gia moja chini ya kona kama hiyo kwenye tambarare, maana injini inakusaidia kulishika gari na breki inapumzika. Za kupanda mlima nazo zinataka gia ya chini, kwa sababu nyingine: usipokuwa nayo hutatoka.

Hatua ya 4: Sasa washa klachi

Rudi kwenye mipangilio uchague Manual with Clutch. Mpangilio wa kawaida wa Xbox ni huu: RT mafuta, LT breki, LB klachi, B kupandisha gia, X kushusha, A handibreki. Kwenye PlayStation: R2 mafuta, L2 breki, L1 klachi, duara kupandisha, mraba kushusha, na X ni handibreki. Aliyezoea Xbox akishika pedi ya PlayStation awe macho na herufi X, kwa sababu kule inashusha gia na huku inavuta handibreki. Ukiikosea kwenye mwendo kasi gari linazunguka.

Mshiko wa mkono wa kushoto ubadilike. Wengi wetu tunatumia kidole cha shahada kwa vitufe vyote viwili vya juu, tunakihamisha kati ya L1 na L2. Kwa klachi haitoshi, kwa sababu wakati wa kupangua gia unahitaji breki na klachi kwa pamoja. Weka shahada kwenye L1 na kidole cha kati kwenye L2, vikae hapo muda wote. Mwanzoni mkono utachoka na pedi utaiona kama inateleza. Isogeze pedi ndani zaidi ya kiganja, uishike kwa vidole viwili vya mwisho. Waendesha bodaboda wanazoea upesi kuliko wengine, maana kwenye Boxer klachi inavutwa na vidole vya mkono huo huo wa kushoto.

Mpangilio wa kupandisha gia ni huu. Shahada inabonyeza klachi. Kidole gumba cha kulia kinapiga duara. Shahada inaachia. Mafuta yanabaki yamekanyagwa muda wote, hayaachiwi. Matendo hayo matatu yanafuatana kwa karibu mno kiasi kwamba mtu wa pembeni anasikia kama mlio mmoja wa vitufe, lakini ndani yake kuna mfuatano, na mfuatano huo hauvunjwi: klachi, gia, achia.

Kwenye banda moja la Magomeni, Mtwara, nilisimama nyuma ya ndugu wawili, mkubwa akimfundisha mdogo. Mdogo alikuwa anapiga duara kwanza, klachi ikifuata.

"Kaka, mbona gari linalia tu halafu haliondoki?"

"Unaanza na gia. Anza na klachi, mdogo wangu. Tena usiing'ang'anie. Iguse, uiache."

"Nimeigusa."

"Umeishikilia. Sikiliza, injini imepanda juu peke yake. Hiyo ni klachi imekaa chini muda mrefu."

Akamwekea kidole chake juu ya kidole cha mdogo wake, juu ya L1, wakabonyeza pamoja. Baada ya gia chache sauti ikabadilika: badala ya yowe kati ya gia na gia, ikawa inashuka kidogo tu na kupokelewa. Kijana alicheka kwa furaha, nami nikafurahi pamoja naye.

Alichokisema yule kaka ndicho chenyewe. Makosa ya klachi ni mawili, na yote yanasikika. Ukipiga gia kabla ya klachi, gia inachelewa kuingia na gari linatulia kana kwamba limesahau. Ukishikilia klachi, injini inapanda bila mzigo kwa sababu mafuta yamekanyagwa, na ukiachia gari linaruka, tairi zinazunguka bure. Ukisikia utulivu, wahi na klachi. Ukisikia yowe, wahi kuiachia.

Kushusha gia kwa klachi ni mfuatano huo huo huku kidole cha kati kikiwa kwenye breki. Kwenye gari lenye nguvu nyingi linalosukumwa na tairi za nyuma, ongeza kitu kimoja: wakati klachi iko chini, gusa R2 mara moja, kidogo, upige resi fupi, halafu achia klachi. Resi hiyo inaipandisha injini karibu na mzunguko ambao gia ya chini itautaka, na tairi za nyuma hazishtuki. Kwenye gari dogo unaweza kuiacha.

Kama L1 inakushinda kabisa, badili vitufe. Mpangilio mmoja unaofaa kwa pedi ya PlayStation ni klachi kwenye X, kupandisha gia kwenye R1, kushusha kwenye L1, na handibreki kwenye duara. Hapo kidole gumba kinashughulika na klachi na handibreki tu, na gia zinabaki kwa shahada mbili. Uchague mmoja ukae nao. Anayebadilisha vitufe kila wiki vidole vyake havijifunzi.

Hatua ya 5: Kuondoka kwenye mstari

Wakati wa kuhesabu kuanza mbio, shikilia klachi na piga resi mpaka katikati ya kipimo, kisha itulize hapo kwa kucheza na R2. Taa ikiruhusu, achia klachi na kanyaga mafuta kwa mpigo, lakini si yote papo hapo kama gari linasukumwa na tairi za nyuma. Resi ikiwa juu mno tairi zinavuta moshi na wenzako wanapita. Ikiwa chini mno injini inakoroma. Gari linaloendeshwa na tairi zote nne linavumilia resi kubwa zaidi. Gia ya kwanza ni fupi, kwa hiyo kidole kiwe tayari kwa ya pili mapema.

Kwa wachezaji wa drag kwenye Underground, zile mbio fupi za kunyooka, mambo ni mepesi zaidi kwa kuwa klachi haipo, lakini gia za mkono ni za lazima na ukikaa muda mrefu kwenye nyekundu injini inapasuka na mbio zinaishia hapo. Sikio ulilolifunza hatua ya pili linatosha.

Klachi kwa ajili ya drifti

Drifti ni kupita kona mkia wa gari ukiteleza, na faida hii otomatiki haina. Gari likiwa ndani ya kona, mafuta yamekanyagwa, gusa klachi na uiachie bila kubadili gia. Injini inapanda kwa huo muda mfupi, na klachi inaporudi nguvu inazifikia tairi za nyuma kwa ghafla, zinaachia barabara na mkia unatoka. Gia ya pili au ya tatu ndiyo inayofaa. Handibreki nayo inatoa mkia, lakini inakula mwendo. Klachi inautoa mkia gari likiendelea kusukuma. Kwa zoezi hili zima msaada wa kuzuia tairi zisizunguke bure, la sivyo gemu itakunyang'anya nguvu kila unapoipata.

Ukipata usukani

Usukani wa Logitech G29 kwa PlayStation na G920 kwa Xbox, wote wa mwaka 2015, unakuja na pedali tatu, klachi ikiwemo. Mkono wa gia unauzwa peke yake: una gia sita mbele, na ya kurudi nyuma inaingia kwa kuukandamiza chini. Ukiwa na pedali bila mkono wa gia, unatumia vipande viwili vya nyuma ya usukani kupandisha na kushusha, na mguu wa kushoto kwa klachi.

Kitu cha kurekebisha kabla ya kulaumu mguu ni upana wa klachi kwenye mipangilio. Kama gemu inasubiri pedali ifike mwisho kabisa ndipo iihesabu kuwa imekanyagwa, gia zitagoma. Punguza kipimo cha nje cha pedali hiyo mpaka gemu iikubali ikiwa imebakiza kidogo kufika chini. Pedali zenyewe ziegemeze ukutani au kwenye mguu wa meza. Kwenye sakafu ya saruji zinateleza mbele kila unapokanyaga kwa nguvu, na klachi inayokimbia haikanyagiki.

Kwa anayejifunza gari la kweli

Kuna vijana wanaocheza jioni na asubuhi wako kwenye mafunzo ya udereva. Sikio ulilopata kwenye gemu litakusaidia: utajua lini injini inataka gia nyingine. Miguu, hapana. Kwenye gemu mafuta hayaachiwi unapokanyaga klachi. Barabarani, klachi inapoenda chini mafuta yanaachiwa, na klachi inarudishwa taratibu. Ukipeleka mtindo ule wa gemu kwenye gari la mtu utaiunguza klachi pleti, na harufu yake mwalimu wako anaijua. Kupiga resi kwa klachi kwenye kona usijaribu popote nje ya skrini.

Kabla hujainuka kwenye kiti cha banda

Rudisha mipangilio kama ulivyoikuta: otomatiki, muziki, vitufe. Anayekuja baada yako amelipia muda wake, na akikuta klachi imewashwa atatumia dakika zake akijiuliza kwa nini gari haliondoki. Kama banda lina akaunti moja kwa wote, piga picha ya ukurasa wako wa mipangilio kwa simu. Ukirudi unaipanga upya kwa muda mfupi na kuendelea ulipoachia.